Uwanja wa St Andrews: Mali ya Watu Wote

Katika mji wa Lubumbashi kuna mtaa uitwao Golf. Maelfu ya watu hulitaja jina hilo kila siku wanaporudi nyumbani, wala si wengi wanaouliza limetoka wapi. Ni jina la mchezo wa gofu, na mchezo huo umetoka mbali sana, katika nchi ya Uskoti, iliyo upande wa kaskazini wa kisiwa cha Uingereza. Leo, wasomaji wapenzi, twataka kuwasimulia habari za chama kimoja cha wachezaji wa huko, kilichomo katika mji mdogo wa St Andrews, kando ya bahari.

Chama hicho kinajulikana duniani kote. Kina jumba zuri la mawe, kina vyombo vya fedha vya zamani, kina jina alilokipa mfalme. Walakini kimekosa kitu kimoja ambacho kila mtu angedhani ni cha kwanza: uwanja si mali yake. Uwanja ni wa mji, na mwenyeji wa mji, awe fundi au mwalimu au mchuuzi, ana haki ya kuukanyaga sawasawa na tajiri. Jinsi haki hiyo ilivyopatikana, jinsi ilivyopotea kwa sababu ya deni, jinsi ilivyorudishwa, na hatari inayoikabili sasa, ndiyo habari yenyewe.

Mji wa Mtume Andrea

Jina la mji latokana na Mtume Andrea, ndugu yake Simoni Petro. Mapokeo ya Waskoti husema ya kuwa zamani za kale mtawa mmoja, Regulus, alileta kwa merikebu masalio matakatifu ya Mtume, akatua katika pwani ile. Kwa ajili ya masalio hayo mahujaji wengi walikuja kutoka pande zote, na watu wakajenga kanisa kuu, kubwa kuliko makanisa yote ya Uskoti. Kanisa hilo lilibarikiwa mwaka 1318, mfalme Robert Bruce akiwapo. Karibu miaka mia baadaye, mwaka 1413, Chuo Kikuu cha mji kilipata hati yake ya kipapa, nacho kinafundisha hata leo.

Leo kanisa kuu lile ni magofu. Mwaka 1559, katika machafuko ya mageuzi ya dini, lilinyang'anywa mapambo yake, likaachwa, na kuta zake zikaanguka kidogo kidogo. Zimebaki minara na vipande vya kuta, na kati yake makaburi. Tutarudi kwenye makaburi hayo, maana mmoja wa watu wa habari yetu amelala pale.

Kati ya mji na bahari kuna nchi ya mchanga, yenye vilima vidogo na majani mafupi magumu. Mkulima hapati kitu pale, kwa maana udongo haushiki maji wala mbolea. Basi nchi hiyo iliachiwa watu wote: wengine walichunga kondoo, wengine walianika nguo, wengine walikata majani ya kuezekea, na vijana walicheza. Mwaka 1552 Askofu Mkuu John Hamilton alitaka kufuga sungura katika mchanga ule. Hati ikaandikwa, na ndani yake ikakubaliwa kwamba watu wa mji wanayo haki ya kucheza gofu na mpira wa miguu, kulenga shabaha, na kuchunga mifugo yao pale. Askofu Mkuu huyo alikuwa wa mwisho wa Kanisa Katoliki kukaa St Andrews kabla ya mageuzi ya dini. Mwaka 1571 adui zake walimnyonga katika mji wa Stirling. Yeye akafa, lakini hati ikabaki.

Mchezo wa fimbo na mashimo

Kwa wale wasioujua mchezo huu, tueleze kwa maneno machache. Mchezaji ana kitufe kidogo kigumu na fimbo kadha wa kadha. Mbele yake, mbali pengine mita mia nne, kuna shimo dogo katika ardhi, nalo limewekewa bendera. Kazi yake ni kukipiga kitufe mpaka kiingie shimoni kwa mapigo machache iwezekanavyo. Kisha huendea shimo la pili, na la tatu, mpaka amalize yote 18. Hakuna mpinzani anayemzuia. Wanaomzuia ni upepo, vichaka vya miiba, mashimo ya mchanga, na moyo wake mwenyewe ukikosa saburi.

Waskoti waliupenda mchezo huu hata wafalme wakaogopa. Mwaka 1457 Bunge la mfalme James wa Pili liliukataza, pamoja na mpira wa miguu, kwa sababu vijana waliacha kujizoeza upinde, na nchi ilikuwa ikitazamia vita na Waingereza. Katazo likatolewa tena mwaka 1471, na tena mwaka 1491. Sheria inayotangazwa mara tatu ni sheria isiyosikiwa. Hata mfalme mwenyewe, James wa Nne, alinunua fimbo za gofu mwaka 1502 katika mji wa Perth, naye fundi aliyemwuzia alikuwa mtengenezaji wa pinde!

Watu ishirini na wawili

Mnamo tarehe 14 Mei 1754, waungwana 22 walikutana St Andrews, wakachanga fedha kununua fimbo ya fedha, wapate kuishindania kila mwaka. Hiyo ndiyo siku ya kuzaliwa kwa chama. Mshindi aliitwa kapteni, na kitufe chake kikavikwa fedha na kufungwa katika fimbo ile. Baadaye kapteni alianza kuchaguliwa kwa kura, lakini desturi imebaki. Kila mwaka mwezi wa Septemba kapteni mpya hupiga pigo moja mbele ya watu, mzinga ukalia, na wachukuzi wa fimbo hukimbilia kitufe. Anayekirudisha hupewa sarafu ya dhahabu.

Idadi ya mashimo nayo ilitoka kwa watu hao. Hapo kwanza njia ya mchezo ilikuwa na mapigo ya mashimo 22, kumi na moja ya kwenda na kumi na moja ya kurudi katika mashimo yale yale. Mwaka 1764 waliona ya kuwa mashimo manne ya mwanzo ni mafupi mno, wakayafanya mawili. Hesabu ikawa 18, na baadaye dunia nzima ikawafuata. Alama ya kwenda na kurudi ingalipo. Katika uwanja wa kale mashimo 14 hushiriki majani mawili mawili, wachezaji wanaokwenda wakikutana na wanaorudi, na ukijumlisha namba za mashimo mawili yanayoshirikiana, daima wapata 18.

Mwaka 1834 mfalme William wa Nne alikubali kuwa mlezi wa chama, kikaitwa Chama cha Kifalme na cha Kale. Jumba lake likajengwa mwaka 1854 mbele ya shimo la kwanza. Hata mwisho wa karne ile vyama vingine vilikuwa vingi, kila kimoja na sheria zake, na ugomvi haukukosekana. Mwaka 1897 wazee wa St Andrews waliombwa kutunga sheria moja kwa wote. Tangu mwaka 2004 kazi hiyo imekabidhiwa shirika lingine lililotokana na chama, liitwalo The R&A. Shirika hilo, pamoja na wenzao wa Marekani, ndilo linalotunga sheria za gofu. Hata wachezao Lubumbashi hufuata sheria hizo.

Vita vya sungura

Lakini turudi nyuma kidogo, maana kabla ya utukufu huo uwanja ulikuwa karibu kupotea.

Baraza la mji lilikuwa maskini. Likakopa, likakopa tena, na nchi ya mchanga ikawa rehani. Wahenga wetu walisema: chovya chovya humaliza buyu la asali. Mwaka 1797 baraza halikuweza kulipa tena, na nchi ya watu wote ikauzwa. Walioipata mwishowe ni jamaa ya Dempster, wafanya biashara, nao walitaka faida. Wakaleta sungura kwa wingi, wauze nyama na ngozi. Sungura wakazaa, wakachimba, wakala majani. Uwanja ukawa matundu matupu. Mchezaji akipiga kitufe vizuri, kilizama katika tundu la sungura kisionekane tena.

Watu wa mji wakaona uchungu. Walisema hivi: “Nchi yaweza kuuzwa, lakini haki yetu ya kucheza haikuuzwa, nayo imeandikwa tangu zamani.” Wakaenda mahakamani. Mwaka 1805 mahakama iliwapa wenyeji ruhusa ya kuwaua sungura, na tangu siku ile pakawa na vita kweli: huku wenye sungura na watumishi wao, huku watu wa mji na fimbo zao. Shauri lenyewe halikuisha. Lilipelekwa hata London mbele ya Baraza la Malodi, likarudishwa. Ndipo mwaka 1821 mwenye shamba wa jirani, James Cheape wa Strathtyrum, mchezaji mwenyewe, alipoinunua nchi ile akawaondoa sungura.

Uwanja ukapona, lakini bado ulikuwa wa mtu mmoja. Miaka sabini ikapita. Mwaka 1893 chama kiliununua kutoka kwa jamaa ya Cheape, na watu wa mji wakashtuka: je, sasa tutafungiwa mlango na matajiri? Hawakushika mawe, walishika sheria. Mwaka 1894 Bunge lilipitisha sheria ya pekee, na mji ukaununua uwanja wake tena. Chama kikapewa nafasi za kucheza, nacho kikachukua mzigo wa kuutunza uwanja wa kale na kujenga mwingine. Ule mwingine ulifunguliwa mwaka 1895, nao huitwa “Mpya” hata leo, ingawa una umri wa bibi wa bibi zetu. Serikali za mitaa zilipobadilishwa katika miaka ya 1970, sheria nyingine, ya mwaka 1974, iliweka baraza la wadhamini, lisilotafuta faida, kuutunza uwanja kwa niaba ya wote. Leo wadhamini hao wana viwanja saba mkononi mwao.

Wenyeji hulipa ada ndogo ya mwaka mzima. Mgeni, wakati wa msimu, hulipa zaidi ya pauni 300 kwa mchezo mmoja, na fedha hiyo hurudi katika majani na mchanga. Nafasi nyingi za uwanja wa kale hutolewa kwa kura, majina yakichanganywa pamoja.

Baba na mwana

Katika mwaka ule ule wa 1821, uwanja ulipookolewa, alizaliwa katika mji huo mtoto wa mfumaji wa nguo, jina lake Tom Morris. Alipokuwa kijana aliwekwa kwa fundi Allan Robertson kujifunza kutengeneza vitufe. Siku zile kitufe kilikuwa mfuko mdogo wa ngozi, ukishindiliwa manyoya ya ndege ya kujaza kofia nzima. Fundi hodari alimaliza vitatu au vinne kwa siku. Kisha vikaja vitufe vipya, vya utomvu mgumu wa miti ya Malaya, jamaa ya mpira ule ambao mababu wa Kongo waliujua kwa machozi. Vilikuwa rahisi, na mtu maskini aliweza kuvinunua. Robertson aliogopa kazi yake itakufa, akawachukia. Tom aliona kwamba mambo yamegeuka, na wawili hao wakaachana. Mwaka 1851 Tom alihamia Prestwick, upande wa magharibi, kuwa mtunzaji wa uwanja.

Huko Prestwick, mwaka 1860, yalianzishwa mashindano makuu ambayo yanaendelea hata sasa. Tom alishinda mara nne: mwaka 1861, 1862, 1864 na 1867. Wakati huo chama cha St Andrews kilikuwa kimemwita arudi, kimlipe pauni 50 kwa mwaka. Akarudi, akaanza kazi. Aligundua kwamba majani yaliyochoka hupona yakinyunyiziwa mchanga, na tangu hapo “mchanga zaidi” likawa neno lake la kila siku. Ndiye aliyewafundisha watunzaji wote waliomfuata.

Naye alikuwa na mwana. Mtoto wake wa kwanza, aitwaye Tommy, alikuwa amefariki angali mdogo, na yule aliyezaliwa mwaka 1851 alipewa jina lile lile, kama kwetu mtoto anavyopewa jina la marehemu. Tommy huyu alimpita baba yake. Alishinda mashindano makuu mwaka 1868, akiwa na miaka 17 tu, kisha 1869, kisha 1870. Wakampa mkanda wa ushindi awe nao daima, na mwaka 1871 mashindano hayakufanyika kwa kukosa tuzo. Mwaka 1872 mashindano yaliporudi, akashinda tena.

Mwezi wa Septemba 1875 baba na mwana walikuwa ng'ambo ya ghuba, North Berwick, wakishindana na ndugu wawili. Mchezo ukielekea mwisho, ikaja telegramu: mke wa Tommy, Margaret, yuko katika uchungu wa kuzaa, na hali yake ni mbaya. Hapakuwa na gari la moshi la upesi. Mtu mmoja akawapa chombo chake cha tanga, wakavuka maji usiku. Walipofika St Andrews, mama na mtoto walikuwa wamekwisha kufa.

Tommy hakuwa mtu yule tena. Alicheza michezo michache kwa kuombwa na rafiki zake, lakini moyo wake haukuwamo. Asubuhi ya Noeli, mwaka ule ule, baba yake alimkuta amekufa kitandani. Alikuwa na miaka 24. Vyama sitini vya gofu vilichanga fedha kumwekea jiwe la ukumbusho, nalo lingali katika ukuta wa makaburi ya kanisa kuu lile la kale.

Mzee Tom aliishi miaka 32 zaidi. Alimzika mkewe, na mmoja baada ya mmoja akawazika watoto wake wote. Kila asubuhi alioga baharini, hata wakati wa baridi, kisha alikwenda uwanjani kutazama majani. Alikufa mwaka 1908, akazikwa karibu na mwanawe. Waliomjua hawakumsikia akimlaumu Mungu. Aliyepoteza jamaa yote aliendelea kutunza kitu ambacho wengine watakifurahia. Hiyo ni imani ya matendo.

Siku ya Bwana uwanja hulala

Mzee Tom alikuwa mtu wa kanisa, mshiriki wa madhehebu ya Uskoti, naye alishikilia kwamba Dominika hakuna mchezo. Husimuliwa kwamba waliponung'unika aliwajibu ya kuwa, ikiwa wao hawahitaji kupumzika, uwanja wahitaji. Desturi hiyo ingalipo. Isipokuwa siku chache za mashindano makubwa, uwanja wa kale, ambao watu huvuka bahari na kulipa fedha nyingi ili wauone, haupokei wachezaji siku ya Dominika. Siku hiyo lango ni wazi kwa wote. Akina mama husukuma vigari vya watoto juu ya majani yale yale ya mashindano, wazee hutembea na mbwa, na vijana hupiga picha juu ya daraja dogo la mawe ambalo zamani wachungaji walilipitia. Fedha ambayo ingepatikana siku hiyo haikosi kujulikana, walakini hawaitaki. Twafikiri kwamba jambo hili laweza kuwafundisha hata Wakristo ambao hawatashika fimbo ya gofu maisha yao yote.

Mlango uliokawia kufunguliwa

Tusisifu tu. Uwanja ulikuwa wa wote, lakini jumba la chama halikuwa hivyo. Kwa miaka 260 chama kilipokea wanaume tu. Wanawake wa mji walikuwa wakicheza tangu mwaka 1867, walipoanzisha chama chao cha kupiga mapigo mafupi, lakini mlango wa jumba kubwa haukuwa wao. Mwaka 2007, wanawake walipocheza mashindano yao makuu katika uwanja wa kale kwa mara ya kwanza, jumba lilifunguliwa kwa ajili yao siku hizo. Ndipo tarehe 18 Septemba 2014 wanachama walipopiga kura, na wengi sana, asilimia 85 ya waliopiga kura, wakakubali kuwapokea wanawake.

Mwezi wa Februari 2015 wanawake saba wa kwanza walipewa uanachama wa heshima. Mmoja wao ni Renee Powell, Mmarekani Mweusi. Babaye, William Powell, mjukuu wa watumwa, alikuwa askari katika vita vya pili vya dunia, na alipokuwa Uingereza alikaribishwa kucheza gofu bila kizuizi. Aliporudi kwao Ohio viwanja vilimkataa kwa sababu ya rangi yake. Hakukaa kulia, alinunua shamba, akajenga uwanja kwa mikono yake, ukafunguliwa mwaka 1948, uwe wa watu wa kila rangi. Binti yake alijifunzia pale. Chuo Kikuu cha St Andrews kilimpa shahada ya heshima mwaka 2008, na mwaka 2018 kikaliita bweni moja kwa jina lake. Hivyo jiwe lililokataliwa limepata mahali katika ukuta.

Bahari yabisha hodi

Na siku zijazo je? Fedha haipungui. Mwaka 2022, mashindano makuu yalipofikia mara ya 150, watu 290,000 walifika St Andrews kuyatazama. Mwaka 2024 wanawake walicheza mashindano yao makuu pale pale. Adui wa sasa hana deni wala sungura; adui ni bahari.

Nchi ile ni mchanga, na iko chini. Kinachoikinga ni vilima vya mchanga vilivyo ufukoni, na vilima vyenyewe hushikwa na mizizi ya majani tu. Joto la dunia likizidi, barafu huyeyuka, maji ya bahari hupanda, na dhoruba hupata nguvu ya kufika mahali isipofika zamani. Kaskazini kidogo, katika mji wa Montrose, ambako watu wamecheza gofu tangu karne ya 16, bahari imekwisha kula makumi ya mita za pwani katika muda wa kizazi kimoja, na wachezaji wamelazimika kurudi nyuma na kuacha sehemu za uwanja wa mababu zao. Mwaka 2018 taarifa moja iliyotolewa Uingereza ilionya ya kuwa viwanja vya pwani, hata ule wa St Andrews, vyaweza kuharibika vibaya katika karne hii.

Watu wa St Andrews hawakungoja. Wamepanda majani ya pwani katika vilima vilivyobomoka, wameweka uzio ili miguu ya watu isiyakanyage, wamerudisha mchanga mahali ulipochukuliwa na maji. Ni kazi ya jembe na subira, kama ile ya Mzee Tom, na wanaoifanya ni watunzaji wa uwanja pamoja na wenyeji wanaojitolea. Bahari ni kubwa kuliko wao, nao wajua. Lakini wajua pia kwamba kilima cha mchanga kilichopandwa majani husimama muda mrefu kuliko kilichoachwa kitupu.

Neno kwa jamaa zetu

Msomaji aweza kusema: “Gofu ni mchezo wa wenye fedha; mimi nina shamba la muhogo na ada za shule.” Ni kweli. Lakini tazama, ndugu, habari hii si ya fimbo na mashimo tu. Ni habari ya nchi iliyokuwa ya wote, ikapotea kwa sababu wakubwa wa mji walikopa bila hesabu, ikarudi kwa sababu wadogo wa mji walikuwa na hati na hawakuchoka kuitaja mbele ya waamuzi. Kati ya kuuzwa na kurudishwa ilipita miaka 97. Waliofungua shauri hawakuuona mwisho wake. Wajukuu wao ndio waliouona.

Kwetu nako kuna mali za namna hiyo: chemchemi ya kijiji, msitu wa ukoo, uwanja wa shule ambamo watoto hucheza, kiwanja cha parokia. Mara nyingi hatuna hata karatasi moja yenye kuonyesha mipaka yake, na mwenye fedha akija tunashangaa ametuingilia. Mali bila daftari hupotea bila habari. Baba wa jamaa aliye na hati aiweke mahali pakavu. Asiye nayo, yeye na jirani zake waende kuitafuta wazee wanaojua mipaka wangali hai. Na mama asiachwe nje ya baraza mambo hayo yanapozungumzwa, maana ndiye anayeteka maji ya chemchemi ile kila asubuhi. Tusingoje miaka 260 kumfungulia mlango.